Waifai haifiki chumba cha mwisho

Ndugu yangu, umesema ruta (kifaa kinachorusha waifai) iko sebuleni nyuma ya televisheni, na chumba cha mwisho simu inasoma kistari kimoja. Kwanza pima kasi ukiwa kando ya ruta. Kama hata hapo iko chini, huenda tatizo ni la mtoa huduma au ruta yenyewe, usinunue kitu kwanza.

Ikiwa hapo iko sawa, itoe nyuma ya televisheni, uipandishe kama mita 2 kwenye korido. Kuta za tofali za saruji humeza mawimbi, hasa ya GHz 5 (masafa ya kasi lakini ya karibu), kwa hiyo huko mbali tumia GHz 2.4 (masafa yanayofika mbali zaidi), na kwenye mipangilio ya ruta chagua chaneli, yaani njia ya mawimbi, 1, 6 au 11.

Ripita, kifaa cha kupokea waifai na kuirusha tena, wengi huiweka palepale pasipo na mtandao, ikabaki kurudia udhaifu uleule. Iweke katikati ya njia.

Ila kwa kuta nene dawa hasa ni waya: vuta kebo ya Cat6 (waya wa mtandao) kutoka ruta ya kwanza hadi ruta ya pili, ichomeke kwenye tundu la LAN (la vifaa vya ndani) la ruta hiyo ya pili, siyo WAN (la intaneti inayoingia). Kabla ya hapo zima DHCP yake (huduma ya kugawia simu anwani za mtandao) na uipe anwani 192.168.1.2 ikiwa ya kwanza ni 192.168.1.1. Ukisahau kuzima DHCP, baadhi ya simu huenda zikaunganika na waifai lakini intaneti isifunguke.