Tenki la stenlesi kuota kutu baada ya kuoshwa kwa dawa ya choo

Mkuu wa Nzega, umesema tenki lako la maziwa ni stenlesi ya daraja la 304, vijana wakalimwagia dawa ya choo kutoa ukoko mweupe, sasa limejaa madoa ya kutu. Wadau wanakuambia umeuziwa feki. Mimi nachomelea matenki ya maziwa na asali hapa Tabora mjini, na naona wanakupoteza: hata 304 halisi ingeliwa vilevile.

Kinachoilinda stenlesi ni madini ya kromu, kama asilimia 18 kwenye 304. Inashikana na oksijeni na kufanya utando mwembamba mno juu ya bati. Ukikwaruzika unajirudi wenyewe. Dawa nyingi za choo zina asidi ya haidrokloriki, na kloridi yake hutoboa utando huo nukta kwa nukta. Chokonoa doa moja kwa pini. Ncha ikizama, ujue ndani shimo huwa pana kuliko mdomo wake. Humo mabaki ya maziwa yanajificha, brashi haifiki, na maziwa yatachacha mapema kila siku.

Kwa hiyo usiogope asidi kwa ukali wake, angalia ni ya aina gani. Nitriki ni kali kweli, lakini inaujenga utando, ndiyo maana viwanda vya maziwa huitumia ikiwa imezimuliwa sana. Kwako ningeshauri sitriki ya unga, ile ya kutengenezea juisi. Osha mafuta kwanza kwa sabuni, kisha kilo 1 kwenye lita 20 za maji ya moto, iache kama nusu saa, suuza kwa maji mengi. Tumia brashi ya nailoni. Stilwaya ya kawaida huacha chembe za chuma zinazoshika kutu. Jiki nayo ina klorini, isilale ndani ya tenki, na usiichanganye kamwe na asidi yoyote. Hewa inayotoka hapo inaua mtu.

Stenlesi ya daraja la 316 ina madini ya molibdenamu asilimia 2 hadi 3, inavumilia kloridi zaidi, ila haidrokloriki haiiachi. Na sumaku haitakuambia kama ni 304 au 201 ya bei rahisi, kwa kawaida hainasi kwenye zote mbili.

Vitundu vya juujuu vinasagwa, vinang'arishwa, kisha sitriki. Vilivyotoboka upande wa pili, hilo bati likatwe na kuwekwa kiraka. Vikiwa vimejipanga kando ya mshono tu, basi fundi aliacha ile rangi ya bluu inayotokea kwa joto la kuchomelea bila kuisafisha. Piga picha ya mshono kwa karibu uiweke hapa, nitakuambia.