Emuleta kuganda kwenye orodha ya OHCI: kitanzi nilichokikata kwanza na kile nilichokisahau

Mkuu, dalili ulizozieleza, yaani emuleta (programu inayoiga kompyuta nzima) kuganda mara tu mfumo mgeni, ule unaoendeshwa ndani yake, unapowasha draiva ya USB huku kiini kimoja cha prosesa kikikwama kwenye asilimia 100, zilinikuta nilipokuwa nikiandika kidhibiti cha OHCI (kiwango cha vidhibiti vya USB 1.1) cha mashine pepe yangu. Niliisimamisha programu kwa dibaga mara kadhaa, na kila mara niliikuta mahali pale pale: kitanzi kinachopitia orodha ya deskripta za endipointi, yaani rekodi ndogo zinazoeleza kila njia ya mawasiliano ya kifaa cha USB.

Orodha hiyo imo katika kumbukumbu ya mgeni. Kila deskripta ina baiti 16, na neno lake la mwisho lina anwani ya deskripta inayofuata. Msimbo wangu ulitembea hadi ukutane na anwani sifuri, lakini draiva mbovu ilikuwa imeandika deskripta inayojielekeza yenyewe, kwa hiyo sifuri haikufika. Kidhibiti halisi hakiui kompyuta kwa kosa hilo, kwa sababu fremu (kipande cha muda ambacho USB hufanyia kazi) ya milisekunde 1 huisha orodha ikiwa imekwisha au haijakwisha; katika emuleta yangu saa ya fremu ilikuwa ikisubiri kitanzi hicho hicho kimalize.

Usikimbilie kukataa kila duara, kwani orodha isiyo ya vipindi ya EHCI (kiwango cha vidhibiti vya USB 2.0) imeundwa iwe ya duara. Weka kikomo cha hatua kwa kila fremu. Mimi kwa ubahili niliweka 4, na fleshi iliyochomekwa nyuma ya habu ikapotea, kwa kuwa deskripta za mwishoni hazikufikiwa tena. Nilipopandisha hadi 32 ilirudi. QEMU, emuleta maarufu, nayo ilipata tundu la usalama la aina hii, lililosajiliwa mwaka 2017 kama CVE-2017-6505, na dawa yake ilikuwa kuhesabu hatua vivyo hivyo.

Nilichokisahau ni kitanzi cha ndani, cha deskripta za uhamishaji, zile zinazopangwa foleni chini ya kila endipointi zikieleza data ya kuhamisha. Deskripta ya isokroni (ya data yenye wakati maalumu, kama sauti) ikichelewa huondolewa kwenye foleni, na ikiwa inayofuata ni yenyewe, itaondolewa bila kikomo. Kabla ya kuiondoa, soma kodi ya hali (namba ya matokeo iliyo ndani ya deskripta): ikiwa tayari ina kosa uliloliandika wewe mwenyewe, toka. Na usiweke ujumbe wa logi humo ndani. Wangu ulijaza diski kabla sijanyanyuka kitini.