Je, Sid Vicious alimuua Nancy? Jibu langu baada ya kuitazama ile dokumentari

Mkuu, umeuliza kama kuna mtu ameitazama dokumentari ya Who Killed Nancy?, na kama inatosha kumtoa Sid Vicious kwenye lawama. Nimeitazama mara tatu. Mpwa wangu anapiga gita la besi, ndiye aliyeniletea kwenye flashi. Naomba nijibu kwa urefu, maana mle ndani kuna mambo ambayo mtu asiyewahi kutumia unga, yaani heroini, anaweza kuyapita bila kuyaona, na mimi nilitumia miaka tisa.

Kwa wasioijua habari yenyewe: Sid, jina lake la kuzaliwa John Simon Ritchie, alikuwa kijana wa London aliyeingizwa Sex Pistols, bendi ya muziki wa pank (roki ya vijana waasi), mapema 1977 kuchukua nafasi ya mpiga besi Glen Matlock. Besi hakulijua vizuri. Alichukuliwa kwa sura, mavazi na ukorofi, vitu ambavyo kwenye pank vilikuwa na uzito kuliko kujua noti. Bendi ikavunjika Januari 1978 mwishoni mwa ziara yao ya Marekani, na baadaye mwaka huohuo yeye na mpenzi wake Nancy Spungen, binti wa Philadelphia, wakapanga Hoteli ya Chelsea, New York, lile jengo la matofali mekundu mtaa wa 23. Chumba namba 100. Asubuhi ya Alhamisi tarehe 12 Oktoba 1978 Nancy alikutwa sakafuni bafuni, amechomwa kisu mara moja tumboni, ametokwa damu mpaka akafa. Alikuwa na miaka 20. Sid akashtakiwa kwa mauaji, akakana, akatoka kwa dhamana ya dola 50,000. Tarehe 2 Februari 1979, kabla kesi haijasikilizwa, naye akafa kwa kuzidisha heroini, akiwa na miaka 21. Mshtakiwa akifa, kesi inakufa naye. Hakuna mwingine aliyewahi kushtakiwa.

Sasa, dokumentari. Aliyeitengeneza ni Alan G. Parker, Mwingereza ambaye alikuwa ameshaandika vitabu kuhusu Sid. Alimfahamu Anne Beverley, mama yake Sid, na anasema mama huyo ndiye aliyemwomba asafishe jina la mwanawe. Mama alifariki 1996, filamu ikatoka 2009. Kwa hiyo ukiitazama ujue umekaa upande gani wa mahakama: huyu ni wakili wa utetezi aliyefika amechelewa miaka 30. Sisemi hivyo kumkosoa. Sid hakupata siku hata moja ya kusikilizwa utetezi wake, na mtu aliyehukumiwa na magazeti anastahili wakili, hata akija wakati mteja yuko kaburini.

Hoja kubwa ya Parker ni vidonge. Usiku ule Sid inasemekana alimeza Tuinal takriban 30. Tuinal ilikuwa dawa ya usingizi ya jamii ya babitureti, aina mbili zilizochanganywa kwenye kidonge kimoja. Parker anasema mtu aliyemeza kiasi hicho amelala kama gogo, hawezi kushika kisu, sembuse kumchoma mtu.

Hapo ndipo ninapotofautiana naye, na nasema kwa kujua. Vidonge 30 kwa mtu mgeni ni jeneza. Kwa mtu ambaye mwili umeshazoea, hesabu ni nyingine kabisa. Nimewaona maskani, kijiweni kwa watumiaji, watu waliokula vidonge vya kumlaza ng'ombe, wakainuka, wakatembea mpaka kwa muuza kahawa, wakalipa, wakarudi wakakaa palepale. Kesho yake ukimuuliza, hakumbuki kahawa wala njia. Mwili unatembea, mwenye mwili hayupo. Kwa hiyo vidonge vile havithibitishi kwamba Sid hakufanya. Kinachothibitika ni kwamba hakuwa shahidi wa usiku wake mwenyewe, na hilo ndilo ningetaka filamu ilishike kwa nguvu zaidi, kwa sababu kesi yote dhidi yake ilisimama juu ya mambo mawili: alikuwemo chumbani, na alikiri.

Alikiri, ndiyo. Kwa mujibu wa polisi alisema amefanya yeye, akajiita mbwa mchafu. Lakini alisema pia kwamba Nancy alikiangukia kisu. Na akasema hakumbuki chochote. Kauli zote tatu ni za mtu mmoja, chumba kimoja, mpenzi wake amelala bafuni amekufa, na arosto, maumivu ya kukosa dawa, inaanza kumpanda. Wanaosema "mbona alikiri mwenyewe" nawaomba wanisikilize hapa kidogo.

Mwaka 2008 cherehani ya mama ilipotea. Mama ni fundi, Tanga, na cherehani ile ilikuwa mkono wake wa kulia: nyeusi, ya mkono, rangi ya dhahabu imefutika ubavuni, na kwenye gurudumu mama alikuwa ametia tone la rangi nyekundu ya kucha ili ajue pa kusimamisha sindano. Usiku ule nilichanganya unga na vidonge vya usingizi. Niliamka adhuhuri, mama amesimama mlangoni amejifunga kanga kiunoni. Hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Mwanangu, cherehani umempa nani?"

Sikuwa na jibu. Lakini nilikuwa nimeshauza redio, nimeshauza sufuria, nimeshauza viatu vya shule vya mdogo wangu. Nani mwingine? Ndugu walikuja, wakauliza tena na tena, na kila walipouliza picha ilizidi kunijia. Mpaka magharibi nilikuwa naiona: nimeibeba kichwani, nimeifunika kwa shuka ya kijani, nateremka kona ya msikitini, mguu unateleza kwenye ngazi. Nikaenda kwa balozi wa nyumba kumi nikasema mimi ndiye niliyeiba, nimeiuza shilingi elfu 20 kwa mtu nisiyemjua. Nililia. Nilimaanisha kila neno. Hakuna aliyenipiga, hakuna aliyenitisha.

Miezi mitano baadaye mama akaikuta cherehani kwa fundi mwenzake, Ngamiani, akaitambua kwa lile tone jekundu. Fundi akaeleza bila kuficha kwamba aliinunua kwa kijana aliyekuwa mpangaji wa chumba chetu cha uani, ambaye alikuwa ameshahama. Na shuka ya kijani ilikuwa kabatini muda wote, imekunjwa, mama mwenyewe ndiye aliyeikunja wiki moja kabla ya wizi.

Najua cherehani si mtu. Silinganishi. Nasema tu jinsi kichwa kinavyofanya kazi kikiwa vile: kinakuta pengo, kinatafuta mkosaji, na mkosaji aliye karibu kuliko wote ni wewe mwenyewe, maana unajua umeshafanya mangapi. Ndiyo maana ungamo la Sid asubuhi ile halinipi uzito. Ungamo zuri ni lile linaloleta kitu ambacho aliyeuliza hakukijua, kitu unachoweza kwenda kukitazama na kukikuta. Sid hakuleta kitu. Alileta majuto.

Halafu kuna pesa. Mwezi Septemba Sid alikuwa amepiga shoo kadhaa kwenye klabu ya Max's Kansas City, hapohapo New York, na Nancy ndiye aliyekuwa anashika fedha kama meneja wake. Marafiki zao wanasema chumbani kulikuwa na noti nyingi, na baada ya kifo hazikuonekana. Mlango wa chumba 100 usiku ule ulikuwa kama mlango wa maskani yoyote: mapusha, yaani wauza dawa, na wenye kiu wanaingia na kutoka. Mmoja wao ni Rockets Redglare, ambaye baadaye aliigiza filamu za Jim Jarmusch. Alikuwepo usiku ule, na kuna waliodai kwamba aliwaambia ndiye aliyefanya. Yeye mbele ya waandishi alikana, hakuwahi kushtakiwa, na alikufa 2001. Parker anamwelekezea kidole mtu mwingine, mkazi wa hotelini anayetajwa kwa jina moja tu, Michael. Mimi sitamnyooshea kidole yeyote kati yao, kwa sababu nimeshaona kidole kinavyokosea. Ila maskani ninayoijua mimi, mtu akifa na pesa zikapotea, swali la kwanza huwa ni nani ameonekana na hela asubuhi. Swali hilo lilistahili kuulizwa kwa bidii Oktoba ileile, nyayo zikiwa bado mbichi. Lakini walikuwa wameshampata teja pembeni ya maiti.

Msinielewe vibaya, Sid hakuwa mwanakondoo. Waliokaa nao wanasema alikuwa akimpiga Nancy. Na akiwa nje kwa dhamana, Desemba, alimpasua uso kwa chupa Todd Smith, kaka yake mwimbaji Patti Smith, ndani ya klabu, akarudishwa ndani gereza la Rikers Island. Inawezekana kabisa kwamba ni yeye aliyemchoma Nancy. Mpwa wangu hapendi nikisema hivi, ana picha ya Sid ukutani, lakini ndivyo ninavyoona.

Sehemu iliyonikaba koo ni ya mwisho. Rikers alikaa takriban siku 55, bila heroini. Akatoka tarehe 1 Februari. Usiku huohuo kukawa na kijisherehe kwenye nyumba moja Greenwich Village, mama yake akiwemo, na heroini ikaletwa. Asubuhi alikutwa amekufa. Filamu na vitabu vinapenda kuipa asubuhi ile maana ya mapenzi, eti alimfuata Nancy. Huenda alitaka kufa. Mwezi Oktoba alikuwa ameshajaribu kujiua. Lakini waliokaa soba hausi, nyumba za kuachia dawa, wanajua maelezo mengine, mafupi. Ukikaa wiki saba bila unga, mwili unasahau, kichwa hakisahau. Unatoka na hamu ya zamani na mwili mpya, unapiga kipimo chako kilekile ulichokizoea, na kipimo kile sasa ni sumu. Nimewazika watatu kwa njia hiyo, wote ndani ya wiki ya kutoka gerezani au hospitali. Hakuna hata mmoja aliyekuwa anamfuata mtu. Mimi nilipoanza methadoni, dawa ya kumsaidia mtu aache heroini, hospitali ya Muhimbili 2012, jambo la kwanza mnasihi aliloniambia lilikuwa hilo: ukiteleza, usirudie kipimo cha zamani.

Na sasa Nancy. Hapa ndipo dokumentari iliponikera. Jina lake liko kwenye jina la filamu, lakini yeye mwenyewe hayupo. Wanaohojiwa wengi wanamkumbuka kama kero: sauti kali, mdomo mchafu, aliyemharibu Sid. Magazeti ya Uingereza yalikuwa yameshamwita Nancy wa kichefuchefu angali hai. Mama yake, Deborah Spungen, aliandika kitabu mwaka 1983, na ukikisoma unakutana na mtu tofauti. Mtoto aliyezaliwa kitovu kimemzonga shingoni. Aliyelia bila kunyamaza mpaka daktari akamwandikia dawa ya kumtuliza akiwa na miezi mitatu, nayo ilikuwa babitureti ya maji, jamii ileile ya Tuinal. Mwenye akili nyingi kiasi cha kurushwa darasa, na aliyeingia Chuo Kikuu cha Colorado akiwa na miaka 16. Wazazi waliohangaika naye kwa madaktari na shule miaka mingi, bila kupata mahali panapomfaa. Baada ya kumzika, mama huyu alianzisha Philadelphia huduma ya kuwasaidia ndugu za watu waliouawa, kuwasindikiza mahakamani na kuwasikiliza. Wakati yeye mwenyewe hakupata mahakama ya kusindikizwa. Ningempa Parker robo saa nzima ya filamu yake aiweke hapo, apunguze ile michoro ya katuni ya kuigiza usiku wa tukio.

Kwa hiyo jibu langu, mkuu: itazame, inafaa. Inaonyesha vizuri kwamba uchunguzi uliachwa njiani. Haionyeshi kwamba Sid hakuhusika, ingawa inataka sana uamini hivyo. Ningekuwa mzee wa baraza kwenye kesi ile nisingeweza kumtia hatiani kwa ushahidi uliopo, na nisingeweza kumtazama mama yake Nancy nikamwambia najua nani aliyefanya.

Kuhusu cherehani: mama aliinunua tena kutoka kwa yule fundi, bado anashonea sare za shule mpaka leo. Na mimi, niliyeambiwa wazi kwamba sikuigusa, niliyeishika shuka ile kwa mikono yangu, nikipita kona ya msikitini bado najiona nikiteremka na mzigo kichwani, na mguu unateleza palepale.