Jibu: Kupokezana usiku, Moshi hadi Arusha

Mkuu, umeuliza kama watu sita mnaweza kukimbia usiku kwa kupokezana kutoka Moshi hadi Arusha, na zamu ya usiku wa manane mjiandae nayo vipi. Mnaweza kabisa. Ni kama kilomita 80, kila mmoja anapata 13 na ushee. Zigaweni ziwe zamu mbili kwa kila mtu. Kule Oregon, Marekani, mbio za Hood to Coast zilizoanza 1982 zina zaidi ya kilomita 300, na kwenye timu ya watu 12 kila mmoja anaingia barabarani mara tatu.

Kinachoumiza ni mwili kupoa. Sisi tulipoikimbia njia hiyo, zamu yangu ya pili ilianzia Kikatiti saa tisa usiku. Nilikuwa nimesinzia ndani ya gari letu, Noah, na fulana ile ile iliyolowa jasho. Niliposhuka, mapaja yalikuwa yamekaza kama ubao. Ukimaliza zamu badili kila kitu hadi soksi, vaa sweta, kunywa uji, ndipo ulale. Nusu saa kabla ya kupokea, amka utembee.

Malori hayalali barabara ile, kwa hiyo hapa nakusihi: kimbieni upande wa kulia muyaone magari yanayowajia, kila mtu na kizibao cha kung'aa na tochi ya kichwani. Dereva asiwe mkimbiaji, na awe amelala mchana.

Aliye imara zaidi mwekeni Tengeru. Arusha iko juu, takriban mita 1,400, na kile kipande cha kuingia mjini kinapanda.