Nani wa kumwambia mkubwa asikae chini?

Swali lenu la wiki hii linauliza: mzee akirudi nyumbani baada ya kuwekewa nyonga bandia, auguzwe na ndugu zake au atafutwe mtu wa kulipwa? Mimi naishi Mikindani, na mwaka jana nilimuuguza mama yangu mkubwa, mwenye umri wa miaka 71, aliyefanyiwa upasuaji huo Dar es Salaam baada ya gegedu la nyonga ya kulia kulika kiasi cha kushindwa kushuka kwenye bajaji bila kushikwa. Niliposoma swali nilijibu moyoni papo hapo kwamba ni ndugu, kwa sababu sisi watu wa Kusini hatujazoea kumkabidhi mama kwa mgeni.

Kazi ya mikono haikunishinda. Tulimrudisha kwa gari dogo, tukasimama Ikwiriri, Somanga, Nangurukuru na Mnazi Mmoja ili ainuke na kupiga hatua chache, kwa kuwa kukaa muda mrefu huongeza hatari ya damu kuganda mguuni. Kila asubuhi nilimtazama shavu la mguu kama limevimba, nikahakikisha amemeza dawa yake. Seremala alimtengenezea kiti chenye tundu cha kuweka juu ya choo chetu cha kuchuchumaa, na kitanda tukakiinua kwa matofali.

Kilichonishinda ni kimo cha maisha yetu. Tunakula mkekani, tunakuna nazi tukiwa tumekalia mbuzi, tunafua tukiwa kwenye kigoda. Daktari aliagiza kwamba mpaka atakapomwona tena wiki ya 6, goti lisipande juu kuliko nyonga, yaani asikunje zaidi ya nyuzi 90, asikunje nne, asiuelekeze mguu ndani, na akilala awe na mto katikati ya miguu. Sababu yake ni kwamba misuli na nyama zilizokatwa zikiwa bado hazijaunga, kichwa cha nyonga mpya kinaweza kuchomoka kwenye kikombe chake. Mama mkubwa aliyaelewa yote hayo. Hata shehe alipomweleza kwamba mgonjwa anaruhusiwa kuswali akiwa kitini, alikubali bila ubishi.

Wiki ya 4, siku ya Ijumaa, alikuja somo wake. Wasomaji wa huku hawahitaji kuelezwa somo ni nani: huyu ndiye aliyemfunda unyagoni akiwa msichana, na leo ni bibi anayetembea kwa fimbo. Alivua kandambili mlangoni, akakaa mkekani kama alivyozoea, akaanza kumpa pole. Mama mkubwa alikuwa juu ya kiti chake kirefu, na nyayo zake zilikuwa karibu na bega la somo. Nilimwona akizitazama zile nyayo. Alijaribu kuzivuta nyuma, chini ya kiti, na kiti hakikuwa na nafasi. Kisha akaishika fremu yake ya kutembelea, akainuka, akaanza kujishusha.

Mimi nilikuwa nimesimama na sinia la chai. Nilisema, "Mama mkubwa," nikaishia hapo. Mtoto wa mdogo wake ningewezaje kumkanya mbele ya somo wake? Mpira wa mguu mmoja wa fremu uliteleza juu ya ukili wa mkeka, mkeka ukajikunja, naye akafika chini kwa kishindo, mguu wa kulia ameunyoosha mbele, uso wake umetulia kabisa. Walizungumza karibu nusu saa. Wakati wa kumwinua tulikuwa watatu, kila mmoja akivuta upande wake, na goti likageukia ndani. Alitoa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Tulimkimbiza hospitali, na eksirei ikaonyesha kwamba nyonga iko mahali pake. Nilishukuru, lakini usiku ule sikulala.

Somo alipopata habari alirudi kesho yake, akasema, "Mngeniambia tu, ningeletewa kiti." Maneno hayo ninayo mpaka leo. Hakuna aliyemwambia, kwa sababu katika nyumba ile sote tulikuwa watoto wa mtu.

Juma lililofuata alikuja mtaalamu wa mazoezi ya viungo, kijana tuliyemlipa kwa mara moja tu, akawakuta wageni wengine mkekani. Aliwaamkia shikamoo mmoja mmoja, kisha akasema kwa upole, "Wazazi wangu, mgonjwa huyu hakai chini, kwa hiyo nawaomba na ninyi mkae vitini." Waliinuka wote, na hakuna aliyenuna. Jambo lililokuwa limenikaa kooni wiki nzima lilimalizwa na mgeni kabla chai haijapoa.

Kwa hiyo nabadili jibu nililoanza nalo, ingawa si lote. Kumwogesha, kumsitiri na kuamka naye usiku, hayo nisingemwachia mtu mwingine, na sidhani kama yeye angekubali. Lakini kwa zile wiki 6 za mwanzo sasa naona mtu wa kulipwa anahitajika kuliko nilivyotaka kukiri, kwa kuwa ana ruhusa ya kusema ambayo ndugu hana. Najua gharama yake, na najua kwamba kwa aliye kijijini ndani ya Nanyumbu au Liwale mtu huyo huenda asipatikane kabisa. Pengine mjomba mwenye kauli angetosha, kama yupo karibu. Kama uwezo ni wa siku moja tu, basi mlipeni aje siku ile wageni wanapoanza kufika, awakute barazani, na viti viwe vimeshapangwa.