Maswali na Majibu: Vyuo Vinane, Uwanja Mmoja wa Kikapu

Maswali ya wiki hii karibu yote ni ya mpira wa kikapu wa vyuo, na wengi mnaniuliza kama Tabora tunaweza kuwa wenyeji wa mashindano ya maana. Tunaweza, ila kazi yenyewe haiko mnakoitazama.

Shikamoo. Mimi ni waziri wa michezo katika serikali ya wanafunzi chuoni kwetu. Tunataka kualika timu nane. Uwanja tulio nao ni mmoja, hauna taa. Tukicheza mtoano kama vyuo vya Marekani tutamaliza kwa siku ngapi?

Marahaba. Mtoano wa timu nane ni mechi saba tu. Wamarekani mwaka 2024 walikuwa na timu 68 katika mashindano yao ya Machi na mechi 67, kwa kuwa kila mechi inaondoa timu moja hadi abaki bingwa. Lakini usiwaige. Timu iliyokuja na treni kutoka Mpanda ikifungwa asubuhi ya siku ya kwanza, utaiambia irudi stesheni?

Gawa makundi mawili ya timu nne. Hapo una mechi 12 za makundi, nusu fainali mbili, ya mshindi wa tatu na fainali: jumla 16. Bila taa, cheza mbili asubuhi kuanzia saa moja na nusu, na mbili jioni kuanzia saa tisa kamili. Kwenye karatasi ni siku nne, ila siku ya mwisho watoto watacheza nusu fainali asubuhi na fainali jioni, miguu imekwisha. Andika siku tano, kisha ndipo upige hesabu ya chakula.

Uwanja wa shule yetu ulichorwa zamani sana. Tupake rangi juu ya mistari ileile? (Mwalimu wa michezo, Kanyenye)

Usithubutu, mwalimu, kabla ya kupima. Tazama eneo lililo chini ya goli. Likiwa limetanuka kuelekea mstari wa mwisho badala ya kuwa mstatili, uwanja huo ulichorwa kwa sheria zilizokoma 2010, na mstari wake wa pointi tatu uko mita 6.25. Sasa ni 6.75.

Chukua futikamba. Urefu mita 28, upana 15, na pembe hadi pembe mita 31.76 pande zote mbili. Zikitofautiana, uwanja wako umepinda. Mstari wa mitupo huru, ukingo wake wa mbali, uko mita 5.80 kutoka mstari wa mwisho. Ringi mita 3.05 kutoka sakafuni, na pima zote mbili, maana saruji huzama upande mmoja.

Usione haya kupima mbele za watu. Machi 2024, kwenye mashindano ya vyuo ya wanawake mjini Portland, Marekani, iligundulika kwamba mstari wa pointi tatu upande mmoja ulikuwa karibu zaidi na goli kuliko upande wa pili. Mechi kadhaa zilikuwa zimeshachezwa pale! Na ile ni sakafu ya mbao iliyoletwa na wataalamu, siyo ya fundi wa mtaani na ndoo ya chokaa.

Kwa nini tusifanye Machi kama wao?

Mvua. Hata unyevu tu hutosha kuharibu mchezo: mwaka 2012 Wamarekani walijaribu kuchezesha timu za vyuo juu ya meli za kivita. Unyevu wa usiku ukalowesha sakafu. Mchezo mmoja ukafutwa, mwingine ukasimamishwa mapumziko. Hapa kwetu chezeni Juni hadi Septemba, mkiwa na mafagio ya kutosha. Vumbi juu ya saruji linateleza vilevile.

Sisi wasichana kila mashindano tunapangiwa mechi ya saa nane mchana na hatuna pa kubadilishia jezi. Kwa nini? (Mchezaji, Ipuli)

Kwa sababu ratiba huandikwa na wanaume, dada yangu, kisha nyinyi mnajazwa kwenye nafasi zilizobaki. Siyo kwetu tu. Mwaka 2021 timu za wanawake za vyuo vya Marekani zilikutanishwa San Antonio, zikakuta sehemu ya kufanyia mazoezi ina rafu moja tu ya vyuma vidogo vya kunyanyua, huku wanaume kule Indianapolis wamejaziwa ukumbi. Mchezaji mmoja, Sedona Prince, akarekodi video, dunia ikaona, na vifaa vikaletwa.

Nanyi pigeni picha. Halafu dai mambo mawili kwa maandishi: mechi za wasichana na wavulana zipishane saa, na chumba chenye mlango unaofungwa, maji na choo.

Nina gesti ya vyumba tisa Isevya. Nipandishe bei?

Mzee wangu, wachezaji watalala mabwenini na madarasani. Timu nane za watu 15 ni watu 120 wanaotaka kuoga kwa wakati mmoja. Hapo ndipo uenyeji unapokwama, kwenye maji na matundu ya choo. Watakaovuna ni mama lishe na bodaboda. Wewe utapata waamuzi na wazazi wachache, nao ukiwakomoa wataondoka. Hata miji mikubwa hukwama kwenye malazi: 2024 timu ya wanawake ya chuo cha Utah, Marekani, ilikosa hoteli mjini Spokane, wachezaji wakalazwa jimbo jirani la Idaho, na huko wakatukanwa matusi ya kibaguzi barabarani.

Mtanzania mwenzetu Hasheem Thabeet alicheza haya mashindano ya Machi?

Ndiyo, akiwa na chuo cha Connecticut. Mwaka 2009 walifika nusu fainali mjini Detroit, wakafungwa na Michigan State. Mwaka huohuo akachaguliwa wa pili kuingia NBA, ligi ya kulipwa ya Marekani.

Mgeni rasmi akichelewa kwa muda wa saa mbili, tumsubiri?

Hapana. Uwanja hauna taa, tumeshakubaliana. Andikeni kwenye barua ya mwaliko saa ya kurusha mpira, na kwamba akikuta robo ya pili inaendelea, atasalimiana na wachezaji wakati wa mapumziko.