Majibu kwa Mnaoniuliza Kuhusu Maisha ya Melini

Shangazi ameuliza nasali vipi humu melini, kwenye meli hii ninayosomea muhula mmoja wa chuo changu cha Marekani. Mama mdogo anataka kujua nakula nini. Wadogo zangu wameuliza kama ni kweli nalipwa kuzunguka dunia. Na binamu yangu mmoja, ambaye simtaji, hana haja ya habari za chuo wala barua za maombi: ameniuliza ulinzi wa ngazi ya kupandia meli ukoje meli inapokuwa gatini, ili atafute njia yake mwenyewe ya kuzamia, yaani kujificha melini asafiri bila ruhusa. Nawajibu wote kwa pamoja. Huyo wa mwisho nitamjibu kwa kirefu, maana swali lake limeninyima usingizi kuliko mawimbi.

Kesho kutwa alfajiri, inshallah, tunaingia Cape Town. Tumetoka Takoradi, Ghana, tukavuka ikweta, na sasa joto la Ghuba ya Guinea limekwisha. Mkondo wa Benguela unaleta maji baridi kutoka kusini, asubuhi tunaamkia ukungu, na mawimbi marefu yanapiga omo, mbele ya meli, usiku kucha. Mwalimu anafundisha huku ameishika meza. Wanafunzi wanatoka mbio katikati ya mtihani kwenda kutapika na hakuna anayewacheka. Mimi ni mtoto wa Tanga, boti ya Pemba nimeipanda tangu utotoni, lakini bahari hii ni nyingine kabisa. Nimelala sakafuni mwa kabini natafuna tangawizi, huku maji yakigonga ukuta upande wa pili.

Hii ni shule, jamani. Tukiwa baharini hakuna Jumamosi wala Jumapili. Masomo ni kila siku, leo kundi hili la masomo, kesho lile. Hata tukifika bandarini kila somo lina siku yake ya kwenda kujionea mambo na kuandika ripoti yenye alama. Mpango wenyewe si mgeni. Mwaka 1926 meli iitwayo Ryndam iliondoka Marekani na wanafunzi wapatao 500 kuzunguka dunia. Wengi wao walikuwa watoto wa wenye uwezo, na kwa ninavyoona hali haijabadilika sana. Muhula mmoja wa namna hii leo ni zaidi ya dola 25,000, yaani zaidi ya shilingi milioni 60. Sehemu kubwa nimelipiwa na ufadhili. Iliyobaki naifidia kwa kufanya kazi maktaba ya meli kila jioni. Kwa hiyo, wadogo zangu, mshahara sina. Simu mlizoagiza sitaweza kuleta. Wenzangu sasa hivi wanapanga kwenda kuona simba na kuzamishwa ndani ya vizimba kutazama papa. Mimi napanga mahali pa kufika kwa miguu. Nawapenda, ni watu wema, lakini mazungumzo yakifika kwenye pesa nabaki peke yangu, na upweke huo ni mzito hasa kwa sababu umezungukwa na watu mia kadhaa.

Shangazi, nasali. Ni safari, nafupisha na kukusanya. Runinga ya kabini inaonyesha meli ilipo na inakoelekea, nami napima kibla kutoka hapo: sasa tunashuka kusini, kwa hiyo Makka iko upande wa kushoto wa meli, na kadiri tunavyozidi kwenda ndivyo inavyorudi nyuma. Chumba ninacholala tuko wawili, na mwenzangu, msichana wa Minnesota, huzima muziki akiniona natandika mswala. Sikumwomba.

Mama mdogo, ni pasta na viazi, viazi na pasta. Wali hutoka mara mojamoja. Nyama ya nguruwe huwekewa kibao, kwa hiyo usiwe na hofu. Mpishi mmoja Mfilipino alinisikia nikiulizia pilipili, tangu siku hiyo hunifichia kikopo.

Tunavyoingia bandarini nitaeleza vizuri, kwa kuwa ndiko swali la binamu lilipo. Usiku wa kuamkia bandari tunakusanywa wote ukumbini. Daktari anasema yake, wa usalama anasema yake: maji gani ya kunywa, mitaa gani usitembee peke yako, saa ngapi uwe umerudi. Anayechelewa siku ya mwisho hufungiwa melini kwa saa kadhaa bandari inayofuata. Alfajiri inapandishwa bendera ya manjano, ishara ya kuomba kibali cha afya. Boti ya rubani, yule anayeongoza meli kuingia bandarini, inakuja ubavuni, rubani anapanda kwa ngazi ya kamba huku meli ikitembea bado, kisha matagi, boti za kukokota meli, yanatushika mpaka gatini. Hapo hakuna anayeshuka. Maofisa wa uhamiaji wanapanda kwanza. Pasipoti zetu zinatunzwa na ofisi ya meli. Tunaitwa kwa makundi, uso kwa uso na pasipoti, na safari hii na kadi ya homa ya manjano, kwa kuwa tunatoka Ghana.

Na hapa niseme jambo ambalo wenzangu hawalijui. Kwenye mkusanyiko ule wao wanauliza chakula gani kitamu. Mimi nauliza kama nitaruhusiwa kushuka. Kwa Ghana mambo yaligeuka: wao Wamarekani walihitaji viza, mimi Mtanzania sikuhitaji, na Afrika Kusini pia naingia bila viza. Nilishuka Takoradi kwa furaha ambayo siwezi kuisimulia. Lakini ili kupanda meli hii Ulaya nilipeleka alama za vidole, taarifa za benki, barua za chuo na barua za mfadhili. Japani ni hivyo hivyo. Na fomu yangu ya mwanafunzi, ile I-20, isingesainiwa na chuo kabla ya kuondoka, kurudi Marekani kungekuwa mashakani. Mwenye nia ya kuomba nafasi kama hii aanze na viza miezi mingi kabla, kabla hata ya kununua sanduku.

Sasa binamu. Ngazi ina walinzi mchana na usiku. Kila anayepanda anapitisha kadi, sura yake inatokea kwenye skrini, mzigo wake unapita kwenye mashine. Kabla ya kung'oa nanga meli inapekuliwa kutafuta wazamiaji. Kanuni hizi za ulinzi wa meli na bandari zilianza kutumika duniani kote Julai 2004, na si meli za abiria tu, za mizigo pia. Wanaopenya bado wapo, najua. Lakini waulize wamejificha wapi. Novemba 2022 wanaume watatu kutoka Nigeria walifika Las Palmas wakiwa wamekaa juu ya usukani wa nje, ule ubapa wa nyuma unaogeuza meli, wa meli iitwayo Alithini II, siku 11 kutoka Lagos, miguu karibu na maji. Waliokolewa wakiwa hoi. Wengine hujificha kwenye matundu ya mizigo. Magogo, makaa ya mawe na vyuma chakavu hula hewa ya oksijeni ndani ya tundu lililofungwa. Nafaka hupigwa dawa ya gesi ya kuua wadudu. Mtu anaingia mzima, anatolewa maiti bila jeraha.

Na Cape Town yenyewe unaijua, binamu, usijifanye huijui. Vijana wetu wa Tanga na Dar wapo pale miaka mingi, chini ya madaraja ya barabara eneo la Foreshore, mbele ya bandari, wakisubiri meli. Wanajiita mabichiboi. Wameandika kwa Kiswahili kwenye kuta. Wengi walifika kwa barabara, kupitia Tunduma mpakani na Zambia, wakidhani ni kituo cha kupita tu. Siwadharau hata kidogo. Ni watoto wa mitaa yetu, na wana ushupavu ambao humu melini sijauona kwa yeyote. Ndiyo maana inaniuma. Sikutajii ngazi wala saa ya zamu, na ukiniuliza tena jibu ni hilohilo.

Ukitaka bahari, nenda Chuo cha Bahari Dar es Salaam, DMI. Anza na mafunzo ya msingi ya usalama, chukua cheti cha afya, omba kitabu cha baharia. Sikudanganyi kwamba ni rahisi: wengi wana vyeti na hawapati meli ya kufanyia mazoezi. Lakini hawa Wafilipino wanaotupikia na kuendesha mitambo walipita njia hiyohiyo. Na wakala akikwambia utoe pesa akutafutie kazi melini, ondoka. Mkataba wa Kazi za Baharini wa 2006 unakataza baharia kutozwa ada ya kutafutiwa kazi. Kinachoweza kuwa juu yako ni cheti cha afya, kitabu cha baharia na pasipoti. Nitumie matokeo yako ya kidato cha nne, nitakusaidia kujaza fomu, na ada ya kwanza nitaitoa kwenye kidogo nilicho nacho.

Mama mkubwa, hili ni lako. Siku ya kwanza nina safari ya somo kwenda Robben Island. Siku ya pili nimeomba ruhusa niende Foreshore na mwalimu mmoja pamoja na mwenzangu wa kabini, mchana, hatutakaa muda mrefu. Najua mwanao hajapiga simu tangu avuke Tunduma. Nitumie jina analotumia siku hizi, si lile la shuleni, na kama ana kovu au alama yoyote. Maandishi yananifikia hata baharini, ila picha hukwama. Picha itume tukishafika, asubuhi, niwe nayo kabla ya kutoka.